Ziwa Kivu kwenye skrini: kisa cha kompyuta tatu za sekretariati mjini Goma

Saa nne asubuhi mjini Goma. Kwenye kompyuta ya kaunta ya sekretariati moja, duka la kuchapa na kunakili karatasi, picha ya nyuma ya skrini, ile ambayo wengi hapa wanaiita fond d'écran, inaonyesha dunia nzima ya duara. Picha ni safi kabisa, na upande wa mashariki wa Australia umeanza kuzama gizani. Programu inafanya kazi kama ilivyoandikwa: kila dakika 10 inashusha picha mpya, inaibandika, inaendelea. Haijaandika kosa lolote. Ila Afrika haimo, na mega za mwezi zimekwisha kabla mwezi haujafika katikati.

Mwenye duka alichotaka ni kidogo: kompyuta zake tatu zionyeshe Ziwa Kivu lilivyo leo, na ile ya kaunta ionyeshe mawingu yanayokuja, ili mtu mwenye karatasi za kupeleka upande wa pili wa mji ajue kama asubiri. Kompyuta mbili ni za mezani zenye Ubuntu, ya tatu ni laptop ya Windows 10. Skrini zote ni za pikseli 1366 kwa 768. Intaneti ni modemu moja ya 4G inayolipiwa kwa mega. Umeme unakatika.

Kisa hiki kinafaa kuchambuliwa kwa sababu kila hitilafu iliyojitokeza ina sura moja. Skrini haikuonyesha kosa, ilionyesha picha nzuri isiyo ya kweli: mahali pasipo hapa, au siku isiyo leo. Kufunga programu ni kazi ya nusu saa. Kazi kubwa ni kuhakikisha picha haidanganyi kuhusu mahali wala wakati.

Setilaiti ipi inaiona Goma

Programu nyingi za aina hii zilianza kwa Himawari-8, setilaiti ya Japani iliyoanza kazi rasmi Julai 2015 na ambayo nafasi yake ilichukuliwa na Himawari-9 Desemba 2022. Imesimama juu ya ikweta kwenye longitudo 140.7 mashariki, kilomita 35,786 kwenda juu. Kutoka kimo hicho setilaiti haioni nusu nzima ya dunia. Inaona nyuzi 81 hivi kila upande. Ukitoa 81 kwenye 140.7 unabaki karibu na 60 mashariki, na Goma iko 29.2. GOES-East ya Marekani iko 75.2 magharibi, na ukingo wake unaishia karibu na 6 mashariki. Hata Moanda, kwenye mdomo wa Mto Kongo, haimo. Kwa hiyo anayekaa Kongo na kuchagua moja ya hizo mbili, kwa sababu tu ndizo zilizotangulia kwenye menyu ya programu, ataona nchi za wengine maisha yake yote.

Zinazotuona ni za Ulaya, za shirika la EUMETSAT lenye makao Darmstadt, Ujerumani. Kwenye longitudo 0 kuna Meteosat-12, ya kizazi cha tatu, iliyorushwa Desemba 2022: inapiga picha ya duara zima kila dakika 10. Kwenye 45.5 mashariki, juu ya ukingo wa Bahari ya Hindi, kuna Meteosat-9 ya kizazi cha pili: kila dakika 15, na pikseli moja ni kilomita 3 pale chini yake kabisa.

Upo mlango mwingine tofauti, nao ni setilaiti zinazozunguka kupitia ncha za dunia kwa kimo cha kilomita 700 hadi 830. Hizi hazikai juu yako. Zinapita mchana mara moja na kuondoka. Lakini ziko karibu, kwa hiyo zinaona kisiwa cha Idjwi kama kisiwa na si kama doa. NASA inazitoa bure kupitia huduma yake ya GIBS, bila akaunti wala nenosiri.

Mahitaji ya duka yaligawanyika hapo. Kompyuta mbili za ndani zipate picha moja kwa siku, ya karibu, kutoka GIBS. Ya kaunta ipate picha ya mawingu kila saa kutoka EUMETSAT. Kulazimisha chanzo kimoja kifanye kazi zote mbili ndiko kunakowachosha watu: ukiivuta picha ya pikseli za kilomita 3 mpaka ziwa lijae skrini, unabaki na vigae vya kijani na bluu.

Ikweta na pengo lake

Kwa picha ya siku, jina linalotajwa kwanza ni Terra, yenye kamera ya MODIS. Inapita asubuhi, na asubuhi ndiyo saa nzuri ya kuiona milima yetu kabla joto halijainua mawingu. Lakini ukanda inaoupiga una upana wa kilomita 2,330, na njia mbili zinazofuatana zimeachana karibu kilomita 2,750 pale ikweta. Linabaki pengo la kilomita 400 hivi lisilopigwa picha siku hiyo. Mtu wa Paris halioni kamwe, kwa kuwa kaskazini njia zinakaribiana. Goma iko latitudo 1.7 kusini. Kwa fremu ya upana wa kilomita 890 tuliyotumia, pengo litaigusa karibu siku moja kati ya mbili: mstari mpana mtupu unakata picha kwa mshazari, leo Maniema, kesho juu ya ziwa lenyewe. Isitoshe, Terra haisahihishwi tena saa ya njia yake tangu 2020, na inapita mapema kuliko ile saa nne na nusu ya zamani.

VIIRS, kamera iliyomo ndani ya Suomi NPP, NOAA-20 na NOAA-21, ina ukanda wa kilomita 3,060. Huo unafunika pengo lote na kuzidi. Inapita kama saa saba na nusu mchana. Hasara yake ni mawingu: saa hiyo Masisi, Virunga na milima ya Rwanda zimeshavaa pamba nyeupe, hasa miezi ya mvua. Tulichagua VIIRS ya NOAA-20, na tungeichagua tena. Wingu ni habari ya kweli. Pengo tupu si habari ya kitu chochote.

Kuna kitu kizuri ambacho saa hiyo ya mchana inakionyesha vizuri kuliko asubuhi. Ardhi imepata joto, ziwa bado baridi, upepo unatoka ziwani kwenda nchi kavu, na mawingu yanajipanga juu ya milima huku maji yenyewe yakibaki wazi. Siku nyingi umbo la Ziwa Kivu linaonekana limechorwa na mawingu yaliyoliepuka, kama maziwa yaliyomwagwa pembeni mwa sahani.

Namba za fremu

Ombi linaenda kwa seva kama anwani moja ndefu:

https://gibs.earthdata.nasa.gov/wms/epsg4326/best/wms.cgi?SERVICE=WMS&REQUEST=GetMap&VERSION=1.3.0&LAYERS=VIIRS_NOAA20_CorrectedReflectance_TrueColor&STYLES=&CRS=EPSG:4326&BBOX=-3.95,24.2,0.55,32.2&WIDTH=1366&HEIGHT=768&FORMAT=image/jpeg&TIME=2025-07-10

Hiyo BBOX, yaani mipaka minne ya fremu, ndiyo moyo wake. Fremu ina nyuzi 8 kwa upana na 4.5 kwa urefu, yaani uwiano uleule wa skrini. Ukiubadilisha uwiano, ziwa litanenepa au litakonda. Nyuzi 8 karibu na ikweta ni kilomita 890, na ukizigawa kwa pikseli 1366 kila pikseli inabeba mita 650. Ziwa Kivu, lenye urefu wa kilomita 90 hivi, linapata pikseli 140 kutoka juu hadi chini. Bukavu inakuja kwenye pikseli ya 796 kutoka kushoto na ya 520 kutoka juu. Goma kwenye 854 na 381. Hatukuuweka mji katikati kabisa kwa makusudi: ikoni za hizo kompyuta zimejipanga kushoto, kwa hiyo upande huo tuliuachia msitu wa Maniema na Tshopo, ambao hauhitaji kuonekana kila kipande. Chini kuna Uvira na kichwa cha Ziwa Tanganyika, juu Ziwa Edward.

Sasa angalia mpangilio wa hizo namba nne. Kwenye toleo 1.3.0 la WMS, lugha ya kuombea ramani kwenye seva, kwa EPSG:4326 (mfumo wa latitudo na longitudo), latitudo inatangulia. Kwenye toleo la zamani, 1.1.1, longitudo ndiyo inatangulia. Mifano mingi inayozunguka imeandikwa kwa moja na kunakiliwa kwenye nyingine. Kompyuta ya pili ya duka ilionyesha mchanga wa kahawia, bila wingu hata moja, siku 2 mfululizo, na watu wakadhani ni kiangazi kimekausha kila kitu. Ukigeuza namba za Goma unapata latitudo 29 kaskazini na longitudo 1.7 magharibi: hapo ni jangwa, magharibi mwa Algeria. Seva haitakulalamikia, kwa kuwa Algeria nayo ni mahali halali pa kuombea picha. Dawa ni kuijaribu anwani kwanza ndani ya kivinjari na kutafuta ziwa kwa macho kabla ya kuiingiza kwenye skripti.

Picha ya leo haipo mpaka jioni

Setilaiti inapita saa saba na nusu mchana. NASA inahitaji saa 3 hadi 5 kuishusha, kuisafisha na kuichora. Ukiiomba picha ya leo saa tatu asubuhi, unapata faili halali ya rangi moja tupu, na skrini inakuwa kama imezimwa. Ukiiomba saa kumi, unaweza kupata nusu.

Tena tarehe inahesabiwa kwa saa za dunia, UTC, na Goma iko saa 2 mbele. Njia fupi kuliko zote ni kuirudisha saa ya UTC nyuma kwa saa 17 kisha kusoma tarehe. Kabla ya saa moja jioni ya Goma inatoka tarehe ya jana. Baada ya hapo inatoka ya leo. Skripti nzima ya Ubuntu ni hii, na URL ni anwani ya juu iliyowekwa $SIKU mwishoni mwake:

SIKU=$(date -u -d "17 hours ago" +%F)
D="$HOME/kivu"; mkdir -p "$D"; M="$D/muda.jpg"
curl -sS --fail --max-time 120 --retry 5 --retry-delay 60 -o "$M" "$URL" || exit 1
[ "$(head -c 2 "$M" | od -An -tx1 | tr -d ' \n')" = ffd8 ] || exit 1
[ "$(tail -c 2 "$M" | od -An -tx1 | tr -d ' \n')" = ffd9 ] || exit 1
[ "$(stat -c %s "$M")" -gt 60000 ] || exit 1
mv "$M" "$D/kivu-$SIKU.jpg"
gsettings set org.gnome.desktop.background picture-uri "file://$D/kivu-$SIKU.jpg"
gsettings set org.gnome.desktop.background picture-uri-dark "file://$D/kivu-$SIKU.jpg"

Mistari mitatu ya mabano ya mraba ndiyo iliyookoa kazi. Wa kwanza unaangalia kama faili inaanza kama JPEG kweli. Huduma za WMS zikikataa ombi mara nyingi zinarudisha maandishi ya maelezo huku zikisema "sawa" kwa namba 200, kwa hiyo --fail peke yake haioni kitu, na maandishi hayo yanahifadhiwa kwa jina la picha. Wa pili unaangalia kama faili imefika mwisho wake: modemu ikipoteza mtandao katikati, sehemu ya juu inakuwa ziwa na ya chini inakuwa kijivu. Wa tatu unakataa picha tupu. Picha ya kweli ya ukubwa huu mara nyingi hupita KB 150. Ya rangi moja haifiki hata 30.

Faili inashuka kwa jina la muda na kuhamishwa ikiwa imekamilika. Jina la mwisho lina tarehe, kwa sababu mazingira mengine ya Linux hayasomi upya picha yenye jina lilelile hata ikibadilika ndani. Na picture-uri-dark haikuwepo kwenye skripti za zamani: tangu GNOME 42 (mazingira ya meza ya Ubuntu) anayetumia mandhari meusi ana ufunguo wake peke yake, na usipouandika utakuwa unabadilisha picha ambayo haonyeshwi.

Umeme, saa na betri ndogo

Mwanzoni skripti iliwekwa kwenye cron, kipanga ratiba cha Linux, saa moja na dakika 20 jioni. Ikawa inashusha picha vizuri, folda inajaa, skrini haibadiliki. Cron haiijui meza ya mtumiaji; gsettings, amri inayobadilisha picha ya skrini, inaandika hewani na haisemi neno. Ukitaka kubaki na cron, ongeza mstari huu juu ya skripti:

export DBUS_SESSION_BUS_ADDRESS=unix:path=/run/user/$(id -u)/bus

Lakini cron ina udhaifu mkubwa zaidi hapa Goma: kama saa moja na dakika 20 umeme haupo, siku hiyo imepita. Ndiyo maana tulihamia kwenye taima ya systemd ya mtumiaji, yenye OnCalendar=*-*-* 19:20 na Persistent=true. Ya pili inamaanisha kwamba kompyuta ikiwaka asubuhi na kukuta kazi ya jana jioni haikufanyika, inaifanya hapohapo. Tuliongeza RandomizedDelaySec=10min ili kompyuta mbili zisigonge mlango wa seva kwa sekunde moja. Ile --retry-delay 60 nayo inatokana na hali hii: kompyuta inawaka kwa sekunde 40, modemu inatafuta mtandao dakika 2. Bila kusubiri, majaribio yote yanaisha kabla modemu haijapata hata alama moja.

Kompyuta moja iliendelea kukataa, tena asubuhi tu. Curl, amri inayoshusha picha, ilitoka na namba 60, yaani cheti cha usalama hakikubaliki. Ushauri unaopatikana haraka ni kuongeza -k ili curl isiangalie vyeti. Usifanye hivyo. Chanzo kilikuwa betri ya CR2032 kwenye ubao mama, ile ya duara kama sarafu, iliyokufa. Umeme ukikatika, saa ya kompyuta inarudi miaka mingi nyuma. Kwa saa hiyo cheti cha NASA bado hakijaanza kutumika, na hata kingekubaliwa, skripti ingeomba picha ya mwaka ambao NOAA-20 haijarushwa. Betri mpya, saa ikasahihishwa kwenye BIOS, tatizo likaisha. Kompyuta za mezani za mtumba mjini zina ugonjwa huu kwa wingi. Ukiona tarehe ya ajabu kwenye kona ya skrini, anza na hiyo betri.

Kwenye laptop ya Windows mambo ni mengine. Mpangaji wa kazi wa Windows anaweka alama, bila kukuuliza, kwenye sharti la kutoanzisha kazi kama kompyuta inatumia betri. Yaani umeme ukikatika, laptop inaendelea kufanya kazi na picha inaganda. Iondoe alama hiyo kwenye masharti, na kwenye mipangilio weka ile inayoruhusu kazi iliyokosa saa yake ianze mapema iwezekanavyo. Kazi iendeshwe mtumiaji akiwa ameingia tu. Ikiendeshwa nyuma ya pazia haiigusi skrini yake. Kubadilisha picha kwenyewe ni wito mmoja wa PowerShell kwa SystemParametersInfo ya user32.dll, ukiipa 20, 0, njia ya faili, na 3. Skripti ianzishwe kwa -ExecutionPolicy Bypass -File, la sivyo Windows inaikataa. Curl imo ndani ya Windows 10 tangu toleo 1803.

Kaunta: mawingu ya kila saa

Kwa laptop ya kaunta tulitumia huduma ya EUMETView, kwa lugha ileile ya WMS: https://view.eumetsat.int/geoserver/wms. Majina ya matabaka yasinakiliwe kutoka popote; yasomwe kwenye orodha ambayo huduma yenyewe inaitoa ukiweka REQUEST=GetCapabilities, kwa maana hubadilika setilaiti inapobadilishwa. TIME tuliiacha, na seva inatoa picha ya mwisho iliyonayo.

Fremu ni pana mara 5: BBOX=-12.95,13.2,9.55,53.2, nyuzi 40, pikseli moja kilomita 3.3. Kwa Meteosat-9 hakuna faida ya kukaribia zaidi. Ziwa Kivu linabaki na pikseli 28 tu, lakini kaunta haihitaji ziwa. Inahitaji mashariki. Dhoruba za eneo hili kwa kawaida zinasafiri kutoka mashariki kwenda magharibi, kwa hiyo safari hii Goma imesogezwa kushoto kidogo ya katikati, na nafasi kubwa ikaachiwa Rwanda, Ziwa Victoria, Kenya na bahari. Kinachokuja kiko kulia.

Tulichagua setilaiti ya 45.5 mashariki ingawa ni ya zamani, kwa sababu inaitazama Goma kwa wima zaidi. Ile ya longitudo 0 inatuona kwa mshazari wa nyuzi 34 kutoka utosini. Kilele cha wingu la mvua kilicho kilomita 12 juu kinaonekana kimesogea kilomita 8 kuelekea mashariki. Mji wetu umegusana na mpaka. Wingu linaloinyeshea Goma litachorwa limekaa Rwanda, na mtu ataiambia familia yake mvua iko ng'ambo huku bati linapiga kelele. Kutoka 45.5 mshazari ni nyuzi 19, kosa ni kilomita 4, tena kuelekea magharibi. Kwa pikseli za kilomita 3 hilo linavumilika.

Rangi zake zinahitaji kuelezwa kwa wafanyakazi, maana wateja wanauliza kama skrini imeharibika. Kamera ya Meteosat-9 haina jicho la bluu wala la kijani. Picha inayoitwa ya rangi za asili inatengenezwa kwa mwanga mwekundu na aina mbili za mwanga tusioziona: msitu unatoka kijani kikali mno, mawingu ya matone ya maji yanatoka meupe, na mawingu yenye barafu kileleni yanatoka bluu ya maji. Hiyo bluu ndiyo ya kuangaliwa. Barafu inamaanisha wingu limepanda juu sana, na duara la bluu linalopanuka saa hadi saa upande wa kulia wa ziwa ni dhoruba inayokua. Hata hivyo setilaiti inaona paa la wingu, haioni mvua chini yake, na picha ya kila saa ni ya zamani tayari inapofika. Inatosha kwa kuamua kuanika au kuanua. Haitoshi kwa kuamua pirogi iondoke bandarini. Kwa hilo waulizwe wanaolijua ziwa na wenye dhamana ya usalama wake.

Saa za kushusha ni kuanzia saa moja asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, mara 12 kwa siku. Kwa KB 200 kila moja, hiyo ni MB 2.4 kwa siku, kama 72 kwa mwezi. Kila dakika 15 usiku na mchana ingekuwa mara 96 kwa siku, yaani karibu MB 580 kwa mwezi, nusu yake ikiwa giza ambalo hakuna anayelitazama kwa vile duka limefungwa. Zile kompyuta mbili za VIIRS zinakula MB 15 hivi kwa mwezi zikijumlishwa.

Volkeno na taa

Goma haiwezi kutazama picha ya angani bila kumtafuta Nyiragongo, aliyemwaga lava mjini Januari 2002 na kurudi Mei 2021. Kwenye fremu ya VIIRS volkeno iko pikseli 28 hivi juu ya mji. Siku ya wazi moshi wake unaonekana kama uzi mweupe ambao mara nyingi unaelekea magharibi, upande wa Sake na Masisi. Siku nyingine uzi huo ni wingu la kawaida lililonaswa na kilele, na kwa rangi za macho ya binadamu huwezi kuvitofautisha. Mwanga wa lava hauonekani kabisa kwenye picha hii ya mchana. Kwa hiyo skrini isitumike kumtuliza mtu wala kumtisha. Hali ya volkeno inatangazwa na Observatoire Volcanologique de Goma, na vipimo vyao vinatoka kwenye mitetemo na gesi, si kwenye picha ya saa saba mchana.

Taa nazo. Ukichagua tabaka la rangi zinazoendelea usiku kutoka Meteosat-12, utaona miji inang'aa: Kigali, Goma, Bujumbura. Ni nzuri sana kuitazama. Lakini taa hizo ni ramani ya zamani iliyotandikwa chini ya mawingu ya leo. Zitawaka hata usiku ambao mtaa mzima uko gizani.

Muhuri wa tarehe

Baada ya wiki 3 kila kitu kilikuwa kikienda, na hapo ndipo hitilafu ya mwisho ilipojificha. Mega ziliisha siku ya Ijumaa. Skripti ilifanya ilivyoagizwa: ikikosa picha, inaacha ya zamani. Jumatatu wafanyakazi bado walikuwa wanaonyeshana anga safi la Alhamisi kama la siku hiyo.

Mstari mmoja wa ImageMagick, programu ya kuhariri picha kwa amri, uliongezwa kabla ya mv:

convert "$M" -gravity southeast -pointsize 18 -fill white -undercolor '#00000080' -annotate +20+60 "Ziwa Kivu, NOAA-20, $SIKU" "$M"

Kwenye toleo la 7 andika magick badala ya convert. Ile +60 inainua maandishi yasifunikwe na mwambaa wa chini. Kwa picha za EUMETSAT andika pia © EUMETSAT na mwaka. Ni sharti la matumizi yao, na nafasi ipo palepale. Kwenye kaunta weka saa ya Goma pamoja na tarehe, ikiwa ni ile ya kushusha, kwa herufi kubwa kiasi cha kusomeka na mteja aliyesimama upande wa pili wa meza: pointi 18 hazikutosha, 26 zilitosha.

Folda ya kivu haifutwi. Picha moja kwa siku ni MB 90 hivi kwa mwaka, na zile za Juni hadi Agosti, wakati moshi wa moto wa nyika unapopanda kutoka kusini na kuufanya ukingo wa chini wa fremu kuwa wa kijivu, zimewekwa kando kwenye folda yake.